Matokeo ya urais yakitangazwa, bei hupandishwa na nini?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Nina duka la jumla karibu na soko la Kongowea, Mombasa. Nauza mchele, sukari, unga na mafuta ya kupikia, na msimu ukiruhusu huweka vitunguu na viazi. Uchaguzi wa Agosti 2027 wanitia wasiwasi. Mume wangu ataka tubadilishe akiba yetu yote iwe dola kabla ya kura. Kakangu asema tujaze ghala mzigo mpaka paa. Wateja nao wasema yategemea nani atashinda. Wewe uliyekaa na mambo haya miaka mingi, waonaje? Rais akitangazwa, ni kitu gani hasa hupandisha bei? Na sisi wafanyabiashara wadogo tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Swali lako nimelibeba moyoni tangu 2008, na nitalijibu kwa kirefu, maana nimeona watu wengi wakipoteza akiba kwa kufuata jibu fupi.

Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017 nilikuwa kazini, kwenye meza ya fedha za kigeni katika benki moja jijini Nairobi. Jaji Mkuu David Maraga aliposoma uamuzi wa kufuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, sote tulisimama. Bei kwenye Soko la Hisa la Nairobi ziliporomoka hadi biashara ikasimamishwa kwa nusu saa. Simu zetu hazikunyamaza: wenye viwanda, waagizaji wa ngano, wauza magari, kila mmoja akitaka dola kabla jua halijatua. Siku hiyo dola ilikuwa shilingi 103 hivi. Ikaja kura ya marudio, yakaja maandamano na vifo, mwaka ukaisha, na Desemba dola ilikuwa bado 103.

Linganisha na tarehe 5 Septemba 2022. Mahakama ya Juu, safari hii kwa kauli moja, iliidhinisha ushindi wa William Ruto. Raila Odinga akasema hakubaliani na uamuzi lakini anaiheshimu mahakama. Maduka yakafunguliwa, watu wakashusha pumzi. Dola ilikuwa kama 120. Miezi kumi na sita baadaye ilikuwa 160, na lita ya petroli ilikuwa imeshavuka shilingi 200.

Nimekaa na miaka hiyo miwili sana kichwani. Uamuzi uliotutia hofu haukuitikisa shilingi, na uamuzi uliotutuliza ulifuatwa na kipindi kigumu cha bei ambacho wateja wako hawajakisahau. Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kusubiri, yaani zile siku kati ya kura na matokeo yanayokubaliwa na pande zote. La pili ni bili: gharama ambazo serikali inayomaliza muda wake ilizishikilia au kuzisogeza mbele ili kura ipite, na ambazo atazilipa yeyote atakayeingia Ikulu, kwa mfuko wako na wangu. Kusubiri hukunyima mauzo kwa wiki kadhaa. Bili hukukamua kwa mwaka mmoja au miwili. Dawa zake hazifanani, na anayetumia ya moja kutibu nyingine huumia mara mbili.

Nianze na kusubiri. Chukua chaguzi nne uhesabu siku. Mwaka 2013 tulipiga kura Machi 4, na Uhuru akaapishwa Aprili 9: wiki tano na siku moja. Biashara ilisimama kidogo, shilingi ikapata nguvu kiasi baada ya uamuzi wa mahakama, na watu wakarudi kazini. Mwaka 2022 tulipiga kura Agosti 9, na Ruto akaapishwa Septemba 13: wiki tano kamili, ingawa makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo na tofauti ya kura ilikuwa 233,211 tu. Mwaka 2017 tulipiga kura Agosti 8, na kiapo kikaja Novemba 28, wiki kumi na sita baadaye. Na hesabu haikuishia hapo, kwa sababu Raila aliapishwa na wafuasi wake Januari 30, 2018 kama rais wa wananchi, na mpaka alipopeana mkono na Uhuru Machi 9 mwaka huo, hakuna mwekezaji aliyekuwa na uhakika.

Wiki hizo kumi na sita zilifanya nini ikiwa dola haikusogea? Ziliua maamuzi. Aliyetaka kujenga godauni alingoja. Aliyetaka kuajiri alingoja. Maduka katikati ya Nairobi na Kisumu yalifungwa siku za maandamano, na Novemba muungano wa upinzani wa NASA uliwataka wafuasi wake wasusie bidhaa za Safaricom, Brookside na Bidco, ikawa hata pakiti ya maziwa ni tamko la kisiasa. Ukuaji wa uchumi, kwa hesabu zilizotolewa mwaka uliofuata, ulishuka kutoka asilimia 5.9 mwaka 2016 hadi 4.9. Lazima niseme ukweli hapa: si kura pekee iliyofanya hivyo. Kulikuwa na ukame, na kulikuwa na sheria ya kudhibiti riba ya mikopo iliyotiwa saini Agosti 2016, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, ambayo iliwafanya mabenki wawakimbie wafanyabiashara wa kiwango chako wakaikopesha serikali. Mtu akikwambia asilimia fulani ililiwa na uchaguzi peke yake, mwombe akuonyeshe alivyoutenga ukame.

Na shilingi ilisimama kwa sababu Benki Kuu ilikuwa na akiba ya zaidi ya dola bilioni 7, na kila mtu sokoni alijua hivyo. Hofu ilikuwepo, ila hofu ikikutana na ghala lililojaa hurudi nyumbani.

Kisha kuna 2007, ambayo sipendi kuiweka kwenye orodha moja na nyingine. Kura ilipigwa Desemba 27. Jioni ya Desemba 30, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa Ikulu kabla usiku haujaingia sawasawa. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Wewe uliyeko Mombasa unajua kilichofuata Pwani: kutoka Diani hadi Malindi hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine, na vijana waliokuwa wakitandika vitanda na kupika wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Bandarini mzigo ulirundikana kwa sababu malori hayakuweza kupita Nakuru na Eldoret. Reli iling'olewa Kibera. Uganda petroli iliadimika, bei ikaruka mara kadhaa, na Rwanda na Burundi zikaumia pia, nchi ambazo hazikupiga kura yoyote. Wafanyabiashara wa Kampala waliojifunza siku hizo kupitisha mizigo Dar es Salaam, baadhi yao hawakurudi kwetu. Katika Bonde la Ufa ghala za mahindi zilichomwa, na wakulima waliokimbia hawakuwepo mvua ziliponyesha, kwa hiyo bei ya unga ikaendelea kupanda muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza. Uchumi uliokuwa umekua kwa kama asilimia 7 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata.

Tazama shilingi katika miezi hiyo. Desemba dola ilikuwa kama 63. Februari ilikuwa ikizunguka 70. Kofi Annan akawaketisha Kibaki na Raila, wakatia saini Februari 28, na kufikia Aprili dola ilikuwa imerudi 62. Mwezi mmoja baada ya saini, hisa za Safaricom ziliwekwa sokoni kwa shilingi 5 moja, na watu walewale waliokuwa wamejifungia ndani wakapanga foleni mabenki kuzinunua. Aliyekimbilia dola Februari kwa 70 alipata hasara ya zaidi ya asilimia kumi ndani ya wiki nane. Hata katika msiba mkubwa kuliko yote tuliyopitia, hofu ya kwenye shilingi ilidumu majuma tisa. Majeraha ya mashambani na mahotelini yalidumu miaka.

Nimekaa sana kwenye kusubiri. Bili ndiyo iliyokuumiza zaidi mara ya mwisho, kwa hiyo nisikilize hapa.

Kumbuka Julai 2022. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imefika shilingi 205. Serikali ikatangaza itauzwa kwa 100, kwa wiki nne. Wewe ulikuwa dukani, unajua ilivyokuwa: wengine hawakuiona kabisa pakiti hiyo ya 100, na mpango ukaisha kura zilipokwisha. Petroli nayo ilikaa 159.12 Nairobi tangu katikati ya Juni, Julai, hadi katikati ya Septemba, bila kusogea hata senti, wakati vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei dunia nzima. Tofauti ililipwa na Hazina ya Taifa. Siku alipoapishwa, Ruto alisema ruzuku ya mafuta ya magari ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na bilioni 60 kati ya hizo ndani ya miezi minne ya mwisho. Kesho yake, Septemba 14, petroli ikapanda kwa shilingi 20.18 hadi 179.30.

Wateja wako walisema rais mpya amepandisha bei. Kwa kalamu, ndiyo, uamuzi ulikuwa wake, na alikuwa na nafasi ya kuiondoa ruzuku polepole. Lakini bei yenyewe ilikuwa imeshapanda miezi mingi nyuma, tukiwa tunaonyeshwa kibao cha zamani. Angeshinda Raila, bilioni hizo zingekuwa mezani kwake asubuhi ya kwanza. Pengine angezigawa kwa miezi sita badala ya siku moja. Kulipwa zingelipwa.

Ukitaka kuona jinsi kalenda ya kura inavyotawala kodi, fuatilia VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya petroli na dizeli. Sheria ya 2013, iliyopitishwa miezi michache baada ya uchaguzi, iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye mafuta hayo lakini ikatoa msamaha wa miaka mitatu. Msamaha ulipokaribia kwisha mwaka 2016, ikiwa imebaki miezi kumi na moja tupige kura, Bunge liliuongeza kwa miaka miwili. Ukaisha Septemba 2018, uchaguzi ukiwa umepita, na bei ikapanda kwa zaidi ya shilingi 10 kwa mkupuo. Watu walipiga kelele, matatu zikapandisha nauli, na mwezi huohuo kodi ikapunguzwa hadi asilimia 8. Asilimia 8 nyingine zikalala mpaka Julai 2023, mwaka wa kwanza wa serikali mpya, VAT ikarudi 16 na petroli Nairobi ikatoka 182 hadi 195. Kodi moja, chaguzi tatu, na kila mara ilipanda katika mwaka wa kwanza au wa pili baada ya kiapo. Lori linalokuletea viazi kutoka Nyandarua lililipa kodi hiyo kila kilomita, na wewe ukamlipa mwenye lori.

Hilo linaniudhi, nakiri wazi. Mama anayepika chapati Kisauni anaahidiwa unafuu Julai, naye hajui kwamba ni mkopo uliochukuliwa kwa jina lake.

Sasa dola, na mpango wa mume wako. Kupanda kwa dola kutoka 120 hadi 160 hakukutokana na matokeo ya Agosti. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba tangu Machi 2022, kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na pesa zikarudi kwao kutoka nchi kama yetu. Sisi tulikuwa na Yurobondi, yaani hati ya deni iliyouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 tuliyoikopa mwaka 2014, inayopaswa kulipwa yote Juni 2024, na kila mwenye pesa duniani alikuwa akijiuliza tutailipa kwa nini. Ukame ulikuwa umechoma mavuno misimu kadhaa. Na kwa muda mrefu kiwango kilichochapishwa na Benki Kuu kilikuwa chini ya kile ambacho mwagizaji alilipa kweli dirishani, kwa hiyo wenye dola walizificha wakingoja. Deni la 2014 lilipangiwa tarehe yake miaka kumi mapema, na halikujali nani ameapishwa Kasarani.

Fanya hesabu ya shilingi milioni moja. Aliyenunua dola Agosti 2022 kwa 119 alipata dola 8,400 hivi. Januari 2024 zilikuwa na thamani ya karibu milioni 1.34, na hapo kila mjomba wa mtaani akawa mtaalamu wa dola. Mwezi wa Februari serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba kali ya zaidi ya asilimia 10, ili ianze kuinunua ile ya Juni kabla ya wakati. Waliokuwa wamezificha dola wakakimbilia kuziuza. Kufikia Machi dola ilikuwa karibu 130, na baadaye ikatulia kwenye 129. Yule wa Agosti 2022, kama alikaa nazo mpaka hapo, alibaki na milioni 1.08. Faida ya asilimia 8 kwa karibu miaka miwili, wakati hati fupi za Hazina za siku 91 zililipa zaidi ya hiyo katika mwaka 2023 pekee. Na aliyenunua Januari 2024 kwa 160, akiwa amechoka kusikia majirani wakijisifu, milioni yake ikawa laki nane na elfu kumi na kitu ndani ya miezi miwili. Nimekaa na mtu wa namna hiyo, baba wa watoto wanne, akinionyesha risiti zake. Bado naona uso wake.

Ushauri wangu kwa mume wako, kwa heshima: kama kuna deni mnalodaiwa kwa dola, au mzigo mtakaolipia kwa dola, nunueni dola za kiasi hicho hicho, kidogo kidogo, kuanzia mapema 2027. Kodi ya duka, mishahara ya vijana wenu na karo za watoto mnalipa kwa shilingi. Akiba ya kazi hizo ibaki shilingi, na kama mnataka iwafanyie kazi, hati za Hazina siku hizi hununuliwa kwa simu kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD. Kununua dola yote Julai na kuiuza Oktoba kutawagharimu ile tofauti ya dirisha la kununua na la kuuza hata kama bei haikusogea, na mwaka 2017 haikusogea kitu katika miezi hiyo.

Kakako yuko karibu zaidi na ukweli, ila paa ni mbali sana. Kwa kadiri ya Katiba, kalenda ya 2027 inaweza kuandikwa leo. Kura ni Agosti 10. Matokeo lazima yatangazwe ndani ya siku saba, yaani kufikia Agosti 17. Anayepinga ana siku saba za kwenda Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku kumi na nne za kuamua. Hiyo inatufikisha Septemba 7, na kiapo ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi, yaani Septemba 14 au, kwa kuchelewa kabisa, Septemba 21. Wiki tano, kama 2022, au sita. Kura ikifutwa, marudio lazima yafanyike ndani ya siku sitini, tunafika mwanzo wa Novemba. Kwa hiyo weka mzigo wa wiki tano hadi sita wa vile visivyooza, mchele, sukari, mafuta ya kupikia. Unga usizidishe, una wadudu na tarehe. Vitunguu vinavyotoka Tanzania na viazi vya bara nunua kwa siku chache chache tu, barabara ikifungwa hasara iwe ya gunia mbili tatu. Usichukue mkopo kwa ajili ya kujaza ghala. Mzigo uliolala kwa mkopo wakati wateja hawatoki nyumbani ndio uliofunga maduka mengi mwaka 2017, kuliko mawe ya barabarani.

Daftari la madeni nalo lishughulikie mapema. Kusanya malipo kutoka kwa wateja wako wa reja reja kufikia mwisho wa Juni, kwa upole lakini bila kuruka jina. Agosti kila mtu hugeuka kuwa mtu asiyepokea simu. Weka noti za kutosha siku tatu au nne za biashara. Hapa kwetu pesa za simu hazijawahi kuzimwa kwa sababu ya kura, lakini Uganda, Februari 2016, zilisimamishwa siku ya uchaguzi, na waliokuwa na mtaji wote kwenye simu walikaa wakiutazama.

Kuna jambo moja hukuuliza na ni la maana kuliko dola: bima. Bima ya kawaida ya moto na wizi mara nyingi haihusu ghasia za kisiasa. Mwaka 2008 wafanyabiashara wengi waliochomewa walienda na hati zao wakaonyeshwa kifungu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Ulinzi wa ghasia hununuliwa kama nyongeza, kabla. Kadiri kura inavyokaribia bei yake hupanda, na ukichelewa unaweza kukataliwa. Mwulize wakala wako swali hilo kwa maandishi, na jibu ulitake kwa maandishi.

Je, mshindi hana maana, basi? Ana maana, na nyinyi wa Mombasa ni mashahidi. Reli mpya ilizinduliwa Mei 2017, miezi miwili na kitu kabla ya kura, kisha mizigo ikaelekezwa bara kwa lazima, na wenye malori, vituo vya makontena na mawakala wa forodha wa Changamwe na Miritini wakabaki mikono mitupu. Septemba 13, 2022, saa chache baada ya kiapo, Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa. Huo ni uamuzi ambao mshindi mwingine angeweza kuuchukua au kuuacha, na uligusa wateja wako moja kwa moja. Kwa hiyo ukisoma ilani za wagombea, ziruke zile ahadi za kushusha bei ya unga, tafuta yanayohusu bandari, kodi ya bidhaa unazouza na ada za kaunti. Hayo ndiyo rais au gavana anaweza kuyabadilisha kwa saini.

Na bili inayofuata utaitambua kabla haijaletwa. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta taa. Kuanzia Aprili 2027, andika ukutani dukani bei hiyo, na pembeni yake bei ya pipa la mafuta duniani, ambayo kijana wako atakutafutia kwenye simu kwa dakika moja. Ukiona Juni, Julai na Agosti ya kwetu imeganda pale pale huku ile ya dunia ikipanda, kama ilivyokaa 159.12 miezi mitatu, basi usisubiri jina la mshindi. Mwenye lori atakuja kwako katikati ya Septemba kudai nauli mpya, na bei ya viazi vyako uwe umeshaipigia hesabu kufikia siku hiyo.